Chumba cha Mashini Kimefungwa, Ufunguo Uko kwa Nani?



Tunawashukuru kwa kufika, na zaidi wale waliopanda kwa miguu toka Kadutu na Panzi. Leo hatukuja kuwasomea tangazo. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo linalotuhusu sisi tuliosomea ualimu na ambao tungali tunangoja kazi: kompyuta mu masomo, ile wote tunaitaka mashini.

Tuanze na ukweli wetu wenyewe. Kati yetu tulio hapa mbele, wengi tuligusa kompyuta kwa mara ya kwanza tukiwa karibu kumaliza chuo, wakati wa TFC. Tuliiandika kwa mkono, kisha tukaipeleka kwa kijana wa sekretaria, pale kando ya barabara. Tulilipa kwa kila ukurasa. Yule kijana hakumaliza segondari. Lakini yeye njo alitupangia kurasa, yeye njo alituchorea majedwali, na mmoja wetu alisahihishiwa hata hesabu ya asilimia. Sisi tulikaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, tunaangalia vidole vyake vinakimbia. Siku ya kutetea kazi, sisi njo tulipigiwa makofi.

Kozi ya informatiki tulikuwa nayo, ndiyo. Tuliisomea mu daftari: sehemu za mashini, kazi ya kila sehemu. Tukajaza karatasi ya mtihani, tukapata 14 kwa 20. Ni sawa na kupata 14 kwa 20 ya kuogelea, na haujaloweka mguu mu ziwa Kivu.

Tulipoenda kufanya staji ya ualimu, tukakuta ni ile ile. Ilikuwa shule moja ya segondari ya huu mji. Hatutaitaja, juu haiko peke yake. Sheria ya mwaka 2014 ilipanga elimu ya msingi upya, na programu mpya ya darasa la saba na la nane inaweka fizikia, teknolojia na informatiki katika somo moja. Kwa karatasi, ni programu nzuri. Na shule ile ilikuwa na chumba cha mashini! Mashini 12, zawadi ya wafadhili, zimefunikwa na kitambaa. Mlango umefungwa na kufuli, ufunguo uko kwa mukubwa wa shule. Na kila trimestri wazazi wanalipa pesa ya informatiki.

Mwalimu alikuwa anachora klavie kwa ubao, herufi kwa herufi, na chaki. Wanafunzi wanaiga mu daftari, kisha wanagonga herufi na vidole juu ya karatasi. Hatumcheki yule mwalimu. Alikuwa NP, mwalimu ambaye serikali haimlipi, na alifanya alichoweza na chaki yake.

Siku moja msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono, akamwuliza mwenzetu: "Mwalimu, nyinyi mulishaka iwasha?" Mwenzetu akajibu: "Tutaiona juma lijalo." Juma lijalo staji ilikuwa imeisha. Lile jibu linatuuma mpaka leo, juu lilikuwa uongo.

Tulimwuliza mukubwa wa shule kwa nini anafunga. Alitujibu kwa upole: umeme hauko, mwalimu anayejua kuzitumia hayuko, na moja ikiharibika nani atalipa? Wandugu, hizo siyo sababu za uongo. Mto Ruzizi unatoka mu ziwa letu wenyewe. Bwawa la kwanza lilijengwa wakati wa ukoloni, la pili linatumikia nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Na bado mitaa yetu inalala giza kwa delestaji. Koltani ya Kivu inasaidia kutengeneza simu na kompyuta za dunia, na mtoto wa Kivu anajifunza kompyuta kwa chaki. Lakini kufuli halileti umeme. Mashini iliyofunikwa miaka mitano nayo inaharibika, tena bila kumfundisha mtu.

Kuna wale wanatuambia: "Wacheni maneno ya kompyuta, watoto hawana hata madawati." Tunawaheshimu, na tunawajibu hivi. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa Korona? Shule zilifungwa mwezi wa tatu, wakatuambia masomo yatapita kwa radio na televisheni. Mtoto wa nyumba yenye umeme alisikiliza. Mwenzake alienda kutembeza ndizi na maji sokoni. Tulijifunza kitu pale: teknolojia ikiachwa peke yake, inamwongezea yule tayari ako nacho. Kwa hiyo tukisema "kompyuta baadaye", watoto wa masomo ya bei kali hawatatungojea. Wao wanaigusa leo. Wa kwetu ataikutana nayo siku ya kutafuta kazi, kwa tangazo lenye kuandikwa "kufahamu Word na Excel", na ataikunja ile karatasi kama sisi tulivyoikunja.

Sasa, mashini inaweza kufanya nini katika darasa la watoto 60? Hatuoti kompyuta kwa kila mtoto. Tunaomba moja, na projekta, na panneau ya jua juu ya bati. Na GeoGebra, ambayo ni ya bure, mwalimu anavuta pembe ya mstatu na darasa lote linaona kwamba jumla inabaki digrii 180. Na mazoezi ya PhET, yaliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, wanafunzi wanaunganisha betri na taa, wanakosea, wanarudilia, hakuna kitu kinaungua. Na Kiwix, Wikipedia ya Kifaransa inakaa ndani ya mashini na inasomwa bila intaneti. Hakuna kununua mega. Kwa shule isiyo na biblioteki, hicho siyo kitu kidogo.

Lakini tusidanganyane upande mwingine. Mashini haitachukua nafasi ya mwalimu. Haijui kwamba mtoto wa benchi ya tatu amekuja bila kula. Na simu yenye inafundisha njo ile ile inapitisha majibu ya Exetat kwa WhatsApp. Leo kuna programu zinazoandika kazi yote ya nyumbani, na mwanafunzi anapeleka kitu hajasoma. Sisi kama walimu wa kesho tumekubaliana: mtoto aeleze kwanza jibu lake kwa mdomo, mbele ya wenzake. Akishindwa kulieleza, siyo lake, hata kama limeandikwa vizuri namna gani.

Kwa hiyo tunasema mambo manne.

Kwa wakubwa wa masomo: fungueni vyumba vya mashini, na pesa ya informatiki ibandikwe mlangoni, imeingia ngapi, imefanya nini. Wazazi, ulizeni mu komite yenu. Kuuliza siyo matusi.

Kwa vyuo vya ualimu: mtihani wa informatiki ufanyike mbele ya mashini. Mwalimu asitoke na diploma ya kitu hajagusa.

Kwa serikali: katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya primari katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Toka mwaka 2019 ubure ulipoanza, madarasa yamejaa. Basi lipeni NP na NU wote. Mwalimu mwenye njaa, hata umupatie mashini kumi, atazifungia tu.

Na kwa sisi wenyewe, juu hatutaki kuwa watu wa kulaumu tu. Kati yetu tuko na laptop tatu. Moja betri yake ilikufa, inatumika tu kama umeme uko. Kuanzia juma mosi hii, saa mbili za asubuhi, tunaanza kujifunza. Darasa la kwanza ni sisi, wenye diploma. Na mwalimu tumeshampata: ni yule kijana wa sekretaria. Tulipomwendea alicheka sana, alafu akauliza kama tutamlipa. Tukamwambia ndiyo, kila mmoja atachanga, juu tunadai walimu walipwe na hatuwezi kuanza na kumtumikisha yeye bure.

Tukishajua, tutarudi kwa ile shule na kuomba kile chumba kifunguliwe, hata saa moja kwa juma, sisi tukiwa mlangoni kuangalia hakuna kinachoharibika. Yule msichana sasa ako darasa la juu. Tunataka siku atakapotuuliza tena, tumwambie: njoo, kaa hapa, iwashe weye mwenyewe.

Tuonane juma mosi.