Kalamu Nyeusi Iliyogeuka Rangi ya Chai

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazee, akina mama na vijana wa Kilelengwani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niseme habari ya kalamu. Naona wengine wanacheka. Watu wana shida ya mbegu na ya dawa, na huyu mzee anataka kusema kalamu! Haya, nivumilieni kidogo tu.

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa kwetu alinijia na kitu amekifunga katika pindo la leso. Akakifungua. Ilikuwa kalamu ya wino, ile ya zamani ya kujazwa kwa kitone, ya marehemu babu yake aliyekuwa karani. Akaniambia, "Mwalimu, hii ilikuwa nyeusi kama mpingo. Sasa itazame." Nikaitazama. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na upande mmoja ulikuwa kama umeota ukungu wa kijani. Mwanawe anataka kuoa, na yeye alitaka kijana atie sahihi ya nikaha kwa kalamu ya babu, lakini iwe inang'aa.

Mnajua yaliyotupata hapa Septemba 2012. Watu 38 waliuawa, maaskari wakiwemo, na nyumba zikachomwa. Vitabu na barua za mzee yule viliteketea na nyumba. Kalamu ilipona kwa kuwa ilikuwa Garsen, kwenye sanduku la shangazi. Kwa hiyo msiseme ni kalamu tu.

Sasa, kalamu hii imetengenezwa na nini? Wengi watasema plastiki. Hapana, ni mpira. Ninyi vijana mnaochuma mabungo porini mnajua: ukimkata mbungo, hutoka utomvu mweupe, unashika vidole, ukiuviringisha unapata mpira wa kuchezea. Utomvu wa namna hiyo ulichukuliwa sana pwani hii kupelekwa Ulaya tangu miaka ya 1870. Sisemi kalamu ya mama huyu ilitoka kwenye mbungo wa Tana, maana viwanda vilipata mpira mwingi kutoka Amerika Kusini. Lakini jambo ni lile lile.

Mpira mbichi haufai: kwenye joto unanata, kwenye baridi unapasuka. Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1844 kwa kuupika pamoja na salfa, yaani kiberiti. Ukitia salfa kidogo unapata mpira laini kama wa tairi. Ukitia nyingi, hata kufika karibu theluthi, na kuupika saa nyingi, unapata kitu kigumu cheusi kinachong'aa. Ndugu yake, Nelson, alipata hati ya huo mpira mgumu mwaka 1851. Waliuita eboniti kwa sababu unafanana na mpingo. Kalamu nyingi nzuri zilitengenezwa kwa eboniti mpaka miaka ya 1920, plastiki ilipoanza kuchukua nafasi.

Adui wa eboniti ni mwanga wa jua, na baada ya jua ni maji. Jua huifungua ile salfa iliyo juu ya ngozi ya kalamu, ikikutana na unyevu hugeuka tindikali, na weusi unakufa. Hebu isugue kalamu kama hiyo kwa kidole gumba kisha unuse: utasikia harufu ya kiberiti. Na sisi hapa karibu na Kipini jua tunalo, unyevu tunao.

Nawaambieni kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilipewa kalamu ya namna hii, imefifia kidogo tu. Nikaona ni uchafu. Nikailaza usiku kucha kwenye bakuli la maji na sabuni. Asubuhi nimetoa kitu kama kijiti cha muhogo mkavu! Mwenyewe alipokuja sikujua niweke uso wangu wapi. Maji hayakuleta ugonjwa, lakini yaliutoa wote nje.

Kwa hiyo ya mama huyu sikuilowesha. Nilifungua mdomo wake taratibu, nikaosha nibu na kile kipande cheusi kilicho chini yake kwa matone ya maji baridi, mara nyingi, mpaka wino mkavu wa zamani ukaisha kutoka. Mwili nikaupangusa kwa kitambaa kikavu. Maji ya moto usijaribu kabisa, maana eboniti hulegea kwa moto na kupinda.

Ikabaki rangi. Njia ipo: unachukua msasa mwororo sana, unaondoa ile ngozi iliyokufa, kisha unapaka dawa ya kung'arishia shaba, na chini yake weusi bado upo. Msasa nilikuwa nao mkononi. Nikaigeuza kalamu kwenye mwanga, nikaona mikwaruzo. Nikavaa miwani. Ilikuwa herufi za Kiarabu, zimechongwa kwa ncha ya kisu: jina la mzee.

Nikamwita mama. Nikamwambia, nikiisugua itang'aa, lakini jina litaondoka na vumbi, na mwandiko mwingine wa babu yako hamna. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Shekhe wa nikaha haulizi rangi ya kalamu." Nikauweka msasa.

Kuna wanaopaka kiwi ya viatu. Kiwi itahamia kwenye vidole, kisha kwenye kanzu ya bwana harusi. Mafuta ya nazi nayo hung'arisha siku mbili tatu, kisha yanashika vumbi. Mimi naona rangi ya chai si aibu.

Nilimwambia aifunge kwa kitambaa cha pamba, aiweke ndani ya kasha la mbao penye giza, si dirishani, wala si katika boksi moja na vipuli vyake vya fedha, maana ile salfa huvitia weusi. Akimaliza kuandika aitoe wino, isikauke ndani. Na siku ya nikaha aijaze vizuri. Kalamu za kitone zikikaribia kwisha, joto la mkono huipanua hewa iliyo ndani, na wino unatemwa juu ya karatasi. Kijana awe na biro mfukoni, kwa tahadhari.

Inaandika. Niliijaribu mwenyewe, mstari mwembamba wa buluu, bila kukwama.

Mwenye kalamu kama hii nyumbani, ya mchungaji wa zamani, ya karani, ya mwalimu, aje nayo hapa Jumamosi baada ya mkutano wa akina mama. Sitozi kitu. Ila tafadhalini, msizioshe kwanza.