Taarifa kwa Wanachama: Asilimia 52 ya Nani?

Haya ndiyo tuliyoyasema kwa niaba ya kamati ya tawi tulipokutana na wasanii wetu wa hapa Mombasa: watu wa taarab, wapiga ngoma za harusini, vijana wa studio na kina mama wa kwaya. Tunayatuma kwa kila mtu kwa sababu wengi walikuwa kazini.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya 2001. Ilirekebishwa 2019, ikarekebishwa tena 2022, na marekebisho hayo ya mwisho ndiyo yaliyopigiwa vigelegele, kwa kuwa yaligusa Skiza, ule wimbo anaousikia mtu akikupigia simu kabla hujapokea. Bunge liliweka mgao: kodi ikishatolewa, wakala anayeupeleka wimbo kwenye kampuni ya simu apate asilimia 8.5, kampuni ya simu 39.5, na msanii asipate chini ya 52. Ni hatua kubwa, na tunaiunga mkono.

Lakini kisomeni kifungu chenyewe. Hakisemi msanii peke yake. Kinasema msanii *au* mwenye hakimiliki. Neno hilo dogo ndilo linalowala watu wetu. Ukiwa umeuza wimbo wako kwa shilingi elfu tano ili ulipe kodi ya nyumba, mwenye hakimiliki si wewe tena. Ile 52 inakwenda kwa aliyeshika karatasi, na hapo hakuna sheria iliyovunjwa.

Tena wimbo mmoja una haki zaidi ya moja, na hapa ndipo vijana wengi wanapochanganyikiwa. Utunzi ni wako wewe uliyetunga maneno na sauti, na hakuna wa kukununulia haki hiyo kwa mdomo tu. Sheria inataka maandishi yenye sahihi yako. Rekodi ni kitu kingine. Huyo sheria inamtambua aliyepanga irekodiwe, kwa hivyo mwenye studio akidai rekodi, huenda anasema kweli. Akidai na utunzi, muulize karatasi iko wapi. Na wewe mpiga kinanda au fidla uliyelipwa ujira wa siku moja, una haki zako kama mtumbuizaji, hata kama jina lako halikuandikwa popote.

Kuna jambo ambalo wanasiasa hatupendi kulisema. Kwa sheria hiyo hiyo, kazi ya kuagizwa inahesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Tangazo la duka, wimbo wa hoteli, na ndiyo, wimbo wa kampeni. Uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Mtaitwa, mtapewa nauli na chakula, mtaimba, na wimbo utapigwa kwenye magari kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Kamati imeamua kwamba wimbo wowote utakaoagizwa na tawi hili utakuwa na mkataba wa kurasa zisizozidi mbili, kwa Kiswahili, unaosema hakimiliki inabaki kwa msanii na tawi lina ruhusa ya kuutumia kwenye kampeni tu. Mgombea asiyekubali hilo asije kutuomba tumtafutie waimbaji.

Upande wa mirabaha ya matatu, mahoteli na saluni hatutakaa sana, maana mnaujua kuliko sisi. Mwaka 2019 wasanii wengi walitumiwa shilingi 2,530 kila mmoja. Agosti 2021 KECOBO ikayanyang'anya leseni mashirika yote matatu, MCSK, KAMP na PRISK. Mwaka 2024 leseni ya upande wa watunzi ikapewa PAVRISK, na mvutano ukafika mahakamani. Wapo wenye matatu miongoni mwetu wanaotaka wasamehewe ada. Hapana. Anayejaza gari kwa muziki wa mwenzake alipe. Ila wana haki ya kudai risiti moja, isiyoletewa mpinzani wake wiki ya pili, na msanii ana haki ya kuonyeshwa nyimbo zake zilipigwa wapi na zikaingiza nini.

Kwa hivyo tunamwandikia mbunge wetu mambo mawili. La kwanza, kile kifungu cha Skiza kirekebishwe ili sehemu ya ile 52 iwe ya msanii mwenyewe hata akiwa ameuza haki, sehemu isiyouzika. La pili, kazi ya kuagizwa ibaki kuwa ya mtunzi mpaka atie sahihi ya kuitoa, si kinyume chake kama ilivyo leo. Katiba, ibara ya 40, inalitaka Taifa lilinde mali ya ubunifu ya Wakenya. Hatuombi hisani.

Barua itapelekwa Ijumaa ijayo, na tunataka iende na mifano. Aliye na mkataba wa studio, wa wakala au wa hoteli alete nakala kwa katibu wa tawi kabla ya Alhamisi jioni. Leteni nakala, asili ibaki nyumbani. Majina yatafutwa kabla barua haijatoka. Asiyejua alichotia sahihi naye aje, yupo mwanachama wakili aliyejitolea kusoma bila malipo. Mwenye mzee wa taarab nyumbani asiyetumia simu hizi, tafadhali amsomee.

Kamati ya Tawi