Maji Yatokayo Njoro



Tumeombwa tuseme machache juu ya maji machafu. Huenda wengine wakaona jambo hili halistahili mkutano mkuu, twaomba mtuvumilie.

Watu wa Mombasa wana bahari, nayo kwa kupwa na kujaa huyachukua mbali maji yao, ijapokuwa hata huko matumbawe hudhurika. Sisi hatuna bahari. Mto wetu hutoka misitu ya Mau ya Mashariki, hupita hapa Njoro na kando ya Chuo Kikuu cha Egerton, kisha huingia Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Maji yake aghalabu huondoka kwa jua, yakawa mvuke. Yaliyochanganyika nayo hubaki. Mafuta ya gereji, sabuni, mbolea ya mashamba, vyote hukaa humo. Mji wa Nakuru nao hupeleka huko maji ya mvua, na ya vyoo baada ya kusafishwa.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hukusanya kwa saa moja taka za miezi mitatu. Na kabla ya kufika ziwani, maji hayo huwapita akina mama wanaoteka chini yetu. Hao ni jamaa zetu.

Ziwa hilo lilitiwa katika orodha ya Ramsar mwaka 1990, likawa la kwanza katika Kenya, na mwaka 2011 likaingia katika Urithi wa Dunia. Lakini heroe waliolipatia sifa wamepungua sana. Tangu miaka ya 2010 ziwa limefura hata likafunika lango kuu la zamani la hifadhi; magadi yakazimuliwa, chakula cha ndege hao kikapungua, na wengi wakahamia Bogoria. Kufura huko hakukuletwa na taka za Njoro, wala hatusemi hivyo. Twasema tu kwamba ziwa lenye taabu lisiongezewe nyingine.

Basi twaiomba Halmashauri ikubali mambo mawili: mtaro wa soko uchimbiwe shimo la kutuliza tope kabla haujafika mtoni, na ng'ombe wanyweshwe kwa birika, si mtoni. Vijana wataleta majembe. Iliyobaki ni idhini ya wazee wenye mashamba kingoni, nasi twatumaini kuipata leo, kabla ya masika.