Mwalimu Aliyerudi Kuketi



Katika Sikukuu ya Familia Takatifu ya mwaka C, Mwinjili Luka atusimulia habari ya safari. Yosefu na Maria wanarudi kutoka Yerusalemu pamoja na jamaa na majirani. Wanatembea siku nzima wakiamini kwamba kijana wao wa miaka kumi na miwili yumo katika msafara. Jioni wanamtafuta, hayumo.

Sisi wa Tabora hatuna haja ya kufafanuliwa neno msafara. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mwendo wa miezi, na katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa. Jambo hilo tusilifunike. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika nao waliipita. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Huyu kwa kawaida alikuwa mpagazi mzoefu, aliyekwisha kubeba mzigo begani na kuvijua visima kwa miguu yake mwenyewe.

Siku ya tatu wazazi wanamkuta Yesu Hekaluni. Angalieni namna alivyo: ameketi kati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Wachoraji wengi wa Ulaya wamemchora akiwa amekaa mahali pa juu, amenyosha kidole, akiwahubiria wazee wenye ndevu. Luka hakuanza hivyo. Ametaja kusikiliza kwanza, kisha kuuliza, na majibu yake ya kushangaza yamekuja mwisho.

Na kwa kuwa nimewataja wachoraji, niwasimulie habari za Watanganyika wawili waliosoma Makerere, Uganda, katika miaka ya 1940. Wa kwanza mnamfahamu: Julius Kambarage Nyerere. Aliingia shule ya serikali hapa Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, na mwaka 1946 akarudi Tabora kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe.

Wa pili pengine hamumjui. Ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Huko Makerere alifundishwa uchoraji na Mama Margaret Trowell, Mwingereza aliyewataka wanafunzi wachote picha katika maisha na kumbukumbu zao wenyewe, wala wasinakili za Ulaya. Ntiro akawachora watu wa kwao: wavunaji wa kahawa, vijia kati ya migomba, majirani katika kazi za pamoja. Alipohitimu akawa mwalimu wa sanaa pale pale alipofundishwa.

Siku zile kijana aliyetoka Makerere alikuwa mtu mkubwa. Wote wawili wangeweza kufundisha kutoka daftari lile lile hadi kustaafu, na sidhani kama kuna ambaye angewalaumu. Lakini mwaka 1949 Mwalimu Nyerere aliliacha darasa lake la Tabora, akaenda Edinburgh, Uskoti, kuwa mwanafunzi tena kwa miaka mitatu. Ntiro naye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akawaacha wanafunzi wake akaenda shule ya sanaa ya Slade, London. Fikirini mtu aliyezoea kusahihisha picha za wengine, sasa yake ndiyo inasahihishwa! Wala hakurudi na migomba ya Kiingereza, mniwie radhi kwa utani. Aliendelea kuichora Kilimanjaro yake.

Baadaye nchi iliwaita. Nyerere alifundisha Pugu hadi mwaka 1955, akajiuzulu kwa ajili ya kazi ya TANU. Ntiro aliiwakilisha Tanganyika huko London ilipopata uhuru mwaka 1961. Baada ya utumishi huo alirudi kwenye kazi ya kufundisha sanaa. Alifariki mwaka 1993. Nyerere, hata alipokuwa Rais, jina alilobaki nalo hadi kufa kwake mwaka 1999 ni lile la darasani: Mwalimu.

Sasa nawageukia ninyi makatekista, mnaofundisha chini ya miembe, wengi wenu bila malipo ya maana. Mtu aweza kufundisha maswali yale yale miaka ishirini. Siku moja mtoto anainua mkono na kuuliza kwa nini Mungu alimwacha mama yake afe. Jibu la swali hilo halimo katika kitabu kidogo, kwa namba yake. Mwalimu anakasirika, anamwambia mtoto akae chini. Hapo huenda katekista ametembea siku nzima akidhani Yesu yumo msafarani.

Maria na Yosefu hawakuendelea na safari. Walirudi nyuma, mwendo ule ule, miguu ikiwa imechoka, wakiwauliza watu. Kwetu kurudi huko kwaweza kuwa semina ya jimbo tuliyoikwepa, Injili tuliyoacha kuisoma kwa kuwa twaijua, swali kwa paroko, au kumsikiliza yule mtoto mpaka amalize.

Naye Yesu, baada ya kuwastaajabisha walimu wa Yerusalemu, hakubaki Hekaluni. Alishuka nao hadi Nazareti, akawatii. Kabla ya watu kumwita Mwalimu, yapata miaka kumi na minane alikaa katika kijiji kile, akijifunza kupima mbao kando ya Yosefu seremala.