KABLA YA NGUZO, MASHAURIANO
(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wananchi)





Nimetakiwa nizungumze juu ya wajibu wa mtumishi wa Serikali pale njia ya umeme inapolazimika kupita katika ardhi inayolimwa. Nimeona ni bora nilieleze jambo hili kwa kisa kimoja kilichotokea mbali na kwetu, katika Jimbo la Minnesota nchini Marekani, kuanzia mwaka 1974 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nimekichagua kwa sababu waliogombana walikuwa ni watu wa chama kimoja, wenye haja moja, na juu ya hayo wakafikishana pabaya.

Katikati ya miaka ya 1930, takriban shamba moja tu katika kila mashamba kumi ya Marekani lilikuwa na umeme. Makampuni hayakuona faida ya kutandaza waya kwa watu wanaoishi mbalimbali. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda idara maalumu ya umeme wa vijijini. Idara hiyo ilitoa mikopo ya riba nafuu, na wakulima wakajiunga katika vyama vya ushirika, wakasimamisha nguzo na kujiwashia taa wenyewe. Kwa hiyo mkulima wa Minnesota hakuwa adui wa umeme hata kidogo. Alikuwa mtumiaji wake, na alikuwa mwanachama wa chama kilichouleta.

Katika miaka ya 1970 mahitaji yaliongezeka. Mashirika mawili yaliyomilikiwa na vyama hivyo vya ushirika yalikusudia kujenga mtambo mkubwa wa makaa ya mawe katika jimbo jirani la North Dakota, karibu na machimbo yenyewe. Umeme wake ungesafirishwa kwa njia yenye msongo wa kilovoti 400, na urefu wa karibu kilomita 700, hadi karibu na mji wa Minneapolis. Njia hiyo ilihitaji ukanda wa ardhi wenye upana wa karibu mita 50, na minara ya chuma inayoupita mnazi kwa urefu.

Wakulima wengi walizipata habari hizo pale maofisa wa mashirika walipofika milangoni mwao kutaka saini. Walikuwa na hoja zao. Mnara ukisimama katikati ya konde, mwenye trekta hulazimika kuuzunguka kila msimu. Mitambo ya kumwagilia maji inayotembea kwa kuzunguka hushindwa kupita. Walihofia pia afya zao na za mifugo yao. Lakini lililowauma zaidi ni kuwa njia ilipopimwa iliepushwa na hifadhi za wanyama, barabara kuu na viwanja vya ndege, na mashamba yao ndiyo yakaonekana kuwa mahali pasipo na kitu.

Itasemwa kwamba walisikilizwa. Ni kweli kwamba vikao vya hadhara vilifanyika, kwa mujibu wa sheria ya jimbo ya mwaka 1973, na wakulima walihudhuria wakasema yao. Lakini walipokuwa wakisema, mwanzo wa njia na mwisho wake ulikuwa umekwisha kupangwa. Lililobakia kuulizwa ni shamba la nani lipitiwe. Mwenye kuulizwa swali la namna hiyo hujiona kuwa ameitwa kushuhudia, wala hajioni kuwa ameshauriwa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Jimbo iliamua kuwa utaratibu wa sheria ulikuwa umefuatwa.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo, Gavana mpya, Rudy Perpich, alikwenda mwenyewe majumbani kwa wakulima, bila ya kutangaza safari yake, akakaa nao na kuwasikiliza. Walimheshimu kwa hilo. Lakini alikwenda wakati uamuzi umekwisha kutoka, na hakuwa na la kuwapa. Januari 1978 Gavana huyo huyo alipeleka askari wapatao 200 katika wilaya ya Pope ili kuwalinda wapima na wajenzi. Wakulima walikuwa wakiwazuia kwa matrekta na kwa miili yao wenyewe katika baridi kali ya theluji.

Kuanzia Agosti 1978 minara ilianza kuangushwa usiku, kwa kufunguliwa parafujo za miguuni. Zaidi ya minara kumi ilianguka, na vikombe vya kuzuilia umeme vilipigwa risasi kwa maelfu. Watu wengi walikamatwa. Mwaka 1979 njia ilianza kazi rasmi. Umeme ulipita, lakini imani baina ya mwanachama na chama chake ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Liko jambo moja jema lililotokana na mgogoro huo. Mwaka 1977 Bunge la Minnesota lilitunga sheria inayompa mkulima haki ya kulitaka shirika la umeme linunue shamba lake zima, badala ya kulipia kipande kinachopitiwa tu. Sheria hiyo ilikiri kwamba hasara ya mkulima ni kubwa kuliko mahali mnara unaposimama. Laiti fikra hiyo ingekuwapo mezani siku ya kwanza, pengine baadhi ya minara isingeanguka.

Ndugu zangu, tutazame kwetu. Tangu mwaka 1980 Unguja inapata umeme kutoka Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari hadi Fumba, na Pemba tangu mwaka 2010 kutoka Tanga. Thamani ya umeme tunaijua. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ilikaa tena karibu miezi mitatu. Hospitali, visima vya maji, skuli na biashara zote ziliathirika. Kwa hiyo hapana anayeweza kusema kuwa njia za umeme zisijengwe.

Lakini ardhi yetu ni ndogo, na kila kipande kina mtu. Kwa desturi yetu, ardhi inaweza kuwa ya mmoja na mti ukawa wa mwengine. Katika konde moja waweza kumkuta mwenye mikarafuu, mwenye mihogo na mwenye minazi, na kila mmoja ana haki yake. Mtumishi akizungumza na mmoja tu, akaandika jina lake na kuondoka, huwa amewaacha nyuma watu wawili wenye manung'uniko ya haki.

Kwa hivyo nawaomba watumishi wenzangu tuzingatie mambo matatu. Kwanza, habari imfikie mwananchi wakati njia ingali ni mstari wa penseli, wakati neno lake laweza kuusogeza. Tangazo linalobandikwa ubaoni baada ya vigingi kupigwa ni taarifa ya msiba. Pili, wenye ardhi, wenye miti na wenye kulima waitwe wote, wahesabiwe mbele ya sheha, na kila mmoja apewe maandishi. Tatu, fidia ilipwe kabla ya panga kuingia shambani, na hesabu yake iangalie miaka ambayo mti ungeendelea kuzaa, si bei ya kuni zake.

Nanyi ndugu wananchi mna wajibu wenu. Hudhurieni mnapoitwa. Ulizeni, andikeni, na mkikataa semeni sababu. Lakini asiwepo wa kunyanyua mkono juu ya nguzo. Nguzo ikianguka, giza halimfuati aliyekosea, bali humkuta mzazi aliyelala hospitalini na mtoto anayesoma kwa ajili ya mtihani.

Katika Kurani Tukufu iko sura nzima inayoitwa Ash-Shura, yaani Mashauriano. Jina hilo peke yake latosha kutukumbusha kuwa kushauriana ni ibada kabla ya kuwa ni utaratibu wa ofisi. Wakulima wa Minnesota walikuwa tayari kutoa mengi kwa ajili ya umeme, kwani walikwisha kutoa huko nyuma. Walichotaka ni kuulizwa mapema, na kuulizwa huko kusingegharimu hata sehemu ndogo ya thamani ya mnara mmoja.