Mchimbaji ni Nani? Kuoanisha Ontolojia za Afya na Madini katika Ukanda wa Shinyanga na Geita



Kuunganisha mifumo ya taarifa huachiwa mtaalamu wa kompyuta, ilhali kiini cha kazi hiyo ni makubaliano kuhusu maana. Kila mfumo una ontolojia yake, yaani vitu unavyovitambua na uhusiano uliopo kati ya vitu hivyo. Nyaya zikiunganishwa kabla ya maana, takwimu zitapita, lakini zitapotosha.

Tumchukue kijana anayesaga mawe kwenye karasha kule Lwamgasa au Mwakitolyo. Akikohoa wiki kadhaa na kukutwa na kifua kikuu, zahanati itamwandika katika rejista yake, na idadi itapanda hadi DHIS2, mfumo wa taarifa za afya. Eneo analofanyia kazi limo katika kumbukumbu za leseni za Tume ya Madini, na dhahabu yake inauzwa katika soko la madini, kama lile lililofunguliwa Geita Machi 2019. Tukitaka kujua vumbi la mawe linachangia nini katika ugonjwa, kumbukumbu hizi lazima zizungumze.

Tatizo huanzia kwenye neno lenyewe. Zahanati inaweza kumwita "mchimbaji" mtu yeyote anayeishi kwa machimbo: anayeshuka duarani (shimo la machimbo), mwenye karasha, mama anayeponda mawe, mchenjuaji anayeshika zebaki, hata mwajiriwa wa mgodi mkubwa kama Bulyanhulu. Kwa upande wa leseni, mchimbaji mdogo ni mwenye PML, yaani leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo kwa Sheria ya Madini ya 2010 hutolewa kwa Watanzania tu. Leseni moja hubeba watu wengi ambao majina yao hayamo humo, na mwenye leseni huenda hajashuka duarani hata mara moja. Programu inayolinganisha majina itaona neno lilelile pande zote mbili na kuweka alama ya usawa. Atakayegawanya idadi ya wagonjwa kwa idadi ya wenye leseni atapata kiwango cha ugonjwa kisicho na maana yoyote, na bajeti ya afya itapangwa juu yake.

Dawa ya tatizo hili ipo. Kiwango cha SKOS cha kuoanisha dhana, kilichopitishwa mwaka 2009 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kinatofautisha dhana zilizo sawa kabisa, zinazokaribiana, zilizo pana zaidi, zilizo finyu zaidi na zinazohusiana tu. Usawa kamili hurithishwa: A ikiwa sawa na B, na B sawa na C, mashine itahitimisha kwamba A ni sawa na C. Ukaribu haurithishwi, na haurithishwi kwa makusudi, ili kosa dogo lisisafiri kutoka mfumo hadi mfumo. Kwa mchimbaji wa zahanati na yule wa leseni, mimi nisingethubutu kuandika zaidi ya "zinahusiana".

Magonjwa yana ugumu wake. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, kifua kikuu cha mapafu kilichothibitishwa maabara ni A15, ugonjwa wa mapafu wa vumbi la silika ni J62, na ugonjwa wa mapafu wa vumbi ukiambatana na kifua kikuu ni J65. Rejista isiyo na nafasi ya kuandika vumbi itampeleka kijana wetu A15, na hakuna uoanishaji utakaorudisha kisichoandikwa.

Mahali napo hubadilika. Mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoanzishwa, Bukombe na Mbogwe zilitoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera, na Geita yenyewe pamoja na Nyang'hwale zikatoka Mwanza. Mwaka huohuo Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga na kuingia Simiyu. Kwa hiyo Shinyanga ya ripoti ya 2010 si Shinyanga ya 2014. Anayezilinganisha bila tarehe anaweza kushangilia kupungua kwa ugonjwa uliohama tu na mpaka.

Programu za kupendekeza ulinganifu zitumike, zinaokoa muda. Uamuzi, hata hivyo, uwe wa watu: mratibu wa kifua kikuu wa wilaya akae meza moja na ofisa wa madini, kila uhusiano uandikwe aina yake, tarehe yake na waliouridhia. Ulinganifu 50 uliopatikana hivyo nauthamini kuliko 5,000 uliotemwa na mashine.

Naiomba semina hii ianze na majedwali mawili tu, la kazi za machimboni na la mipaka ya halmashauri tangu 2012, na iyakamilishe kabla ya mfumo wowote mpya kununuliwa.