Mwana Aliyesoma Anapougua Akili

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mwili na akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani,

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja baada ya sala ya Alasiri. Mwanawe, mhandisi wa miaka 31, aliyekuwa wa kwanza tangu chuoni kwa maalimu hata Chuo Kikuu, alikuwa amerejea nyumbani. Siku nne hakulala. Alinena pasi na kituo, akagawa mshahara wake njiani, kisha akajifungia chumbani akilia. Mzee akaniuliza: "Sheikh, kichwa kilichobeba elimu yote ile huharibikaje?" Nami nikampa jibu jepesi: hiyo ni husuda, msomee. Sikumwambia ampeleke hospitali. Mwezi ukapita, kijana akazidi. Kosa lile ni langu, na ndilo linalonisemesha leo.

Elimu haimkingi mtu na maradhi haya, wala maradhi haya si dalili ya imani haba. Mengi huanza ujanani, wakati ule ule mzazi angojapo matunda. Kumsomea mgonjwa Kurani ni jambo jema. Kumnyima dawa kwa kuwa amesomewa ni dhuluma. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na waliotutangulia walifahamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi pamoja. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walitengewa mahali pao humo. Vipi basi sisi tuone haya kufika Mirembe, Dodoma?

Na haya ndiyo iliyokuwa maradhi ya yule mzee. Shahada ya mwanawe ilitundikwa ukutani barazani. Wageni wakiuliza habari zake, hujibu: "Yu safarini." Na kijana yu chumba cha ndani, anasikia.

Hatulaumu huzuni. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia Yusuf hata macho yakapoteza nuru, wala hakukoma kumtaja. Lakini huyu wetu tunamficha yungali hai, kwa sababu tulichokipenda mno ni ile karatasi ya ukutani.

Tena mwana huyu ni mtu mzima. Hapigiwi kelele, wala hatiliwi vidonge katika uji kwa siri. Apatapo nafuu, mwulize: dalili zikirudi, nikufanyie nini, nimwite nani? Usingizi ukianza kumpotea usiku hata usiku, msingoje. Wala asiache dawa ghafla kwa kuwa amepona machoni pa watu. Na Ramadhani asifunge kabla ya kumwuliza daktari: dawa ya lithiamu, wanayopewa baadhi yao, huweza kuzidi damuni mwili ukikosa maji. Mgonjwa ana ruhusa ya Mola wake. Baba asimwonee haya kwa majirani.

Yule kijana alitibiwa. Hakurudi katika uhandisi. Anasomesha hisabati saa chache kwa wiki, na mara mbili tangu hapo ameugua tena. Mzee sasa wageni wakiuliza husema: "Yumo ndani, ngojeni nimwite."

Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, mimi nanyi.